Mizigo ya Nyumba: Vyombo Vilivyopelekwa na Vilivyoachwa na Wahamiaji wa Unyanyembe

Habari za njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji zimeandikwa kwa wingi, lakini karibu zote ni habari za pembe, za watumwa, za merikani na ushanga, na za vita. Watu waliohamia Tabora ili kukaa, wala si kupita tu, wametajwa sana kama wafanya biashara. Mara chache wametajwa kama wenye nyumba. Hali kila mmoja wao, kabla ya kuondoka pwani, alilazimika kukata shauri ambalo mfanya biashara apitaye hakulazimika kulikata: katika vyombo vya nyumba yake, vipi vifungwe viende bara, na vipi viachwe. Shauri hilo halikuwa dogo. Kila chombo kilichofungwa kilikaa juu ya bega au kichwa cha mtu kwa muda wa miezi mitatu au minne, na kila bega lililochukua chombo cha nyumba halikuchukua mali ya kuuza.

Wa kwanza kutoka Ulaya kueleza nyumba hizo kwa urefu ni Richard Burton, aliyefika Kaze, penye mji wa Tabora, pamoja na John Speke tarehe 7 Novemba 1857, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1860. Baada yake alikuja Henry Morton Stanley, aliyefika Juni 1871. Wote wawili walikuwa wageni waliopokewa kwa ukarimu, nao waliandika kama wageni waandikavyo: waliona barza kuliko jiko, na zulia kuliko kinu. Upande wa Kiswahili kuna Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyotolewa mara nyingine na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na jarida lake mwaka 1958 na 1959, kwa tafsiri ya W. H. Whiteley. Kitabu hicho ni hazina ya lugha na ya habari za safari, lakini mwenyewe ahesabu pembe, nguo, baruti na madeni. Juu ya vyombo vya nyumbani hasemi mengi. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua habari ya vyombo hana budi kuitafuta katika mambo mengine: katika kipimo cha mzigo, katika umbo la nyumba yenyewe, na katika maneno.

Kipimo ndicho cha kutangulia. Frasila ilikuwa kama ratili 35, na mzigo wa mpagazi wa kawaida haukuzidi frasila mbili, maana mtu huyo alikuwa pia na vitu vyake: mkeka wa kulalia, kibuyu, chakula, na mara nyingi silaha. Nguo zilikunjwa, zikapigwa zikabana, zikafungwa kwa kamba na kuviringishwa katika mkeka mpaka zikawa kitu kirefu kigumu kama gogo. Huo ndio mtumba. Ushanga ulitiwa katika mifuko mirefu myembamba, na waya wa shaba nyeupe na nyekundu ukachukuliwa kwa mti begani. Kitu kisichoweza kugawanywa kikawa frasila mbili kilikuwa cha mzegamzega, yaani kilitundikwa katika mti na kuchukuliwa na watu wawili. Mzigo wa namna hiyo haukupendwa na mtu. Wawili hawana mwendo mmoja. Mmoja akijikwaa, mwenziwe huumia. Na njia penye kichaka ilikuwa ya kupita mtu mmoja mmoja, zikikatwa kona ambazo mti mrefu haukuweza kuzipita.

Hapa yafaa kulinganisha bahari na bara. Mtu aliyehama kutoka Maskati kwenda Unguja alipakia jahazini chochote alichoweza kukilipia nauli. Kasha kubwa lililopigwa misumari ya shaba, kitanda cha samadari kutoka Bara Hindi, milango ya kuchongwa, mitungi mikubwa: vyote hivyo vilisafiri baharini bila taabu nyingi, na nyumba za Unguja na Lamu zilijaa vitu vilivyotoka ng'ambo. Basi kasha hilo hilo likifika Bagamoyo, na mwenyewe akakusudia kwenda Unyanyembe, lilikuwa halina msaada tena. Kasha tupu lilikuwa karibu mzigo wa mtu kabla halijatiwa kitu ndani. Bagamoyo ndipo nyumba ya mhamiaji ilipofumuliwa. Yaliyomo yalitolewa, yakapimwa, yakafungwa upya katika mikeka, makanda na ngozi. Na kasha likabaki kwa ndugu, au likarudi Unguja, au likauzwa. Watu wengi hulieleza jina la mji huo kwa maneno bwaga na moyo. Maelezo hayo yana mashaka yake, na wenye elimu ya lugha hawajakubaliana. Lakini kitenzi kubwaga chenyewe ni cha wapagazi, nacho hutumika hasa kwa mzigo.

Baada ya kipimo huja deni. Waarabu na Waswahili wengi waliokwenda bara hawakwenda kwa mali yao wenyewe. Walichukua bidhaa kwa Wahindi wa Unguja, kwa nyumba ya Jairam Sewji iliyokuwa na ushuru wa forodha, na baadaye kwa Taria Topan na wenziwe, wakaahidi kulipa kwa pembe. Mkopo ulikuwa na faida yake iliyohesabiwa kuanzia pwani, hata kama msafara umekaa miezi miwili ukingoja watu. Mwenye deni akiajiri wapagazi hamsini, na kati yao watano wakachukua matandiko, masinia na masufuria, alikuwa ameondoa sehemu moja katika kumi ya mali itakayomlipia deni. Mbele ya jambo hilo, upendo wa mtu kwa kiti alichorithi kwa baba yake ulikuwa hauna nguvu. Hii ndiyo sababu iliyo kubwa kuliko zote, na ya kushangaza ni kwamba wasafiri wa Ulaya hawakuitaja, ingawa waliona matokeo yake kila nyumba waliyoingia.

Na wapagazi wenyewe hawakupatikana wakati wowote. Wengi walikuwa Wanyamwezi, walioshuka pwani na pembe na kupenda kurudi kwao kabla ya mvua za kulima. Aliyechelewa alikaa Bagamoyo akila posho yake. Tippu Tip asimulia jinsi wapagazi wake Wazaramo walivyotoroka, naye akarudi katika vijiji vyao kukamata watu kwa nguvu. Habari hiyo aisimulia kwa fahari. Msomaji wa leo aisoma kwa jicho jingine. Lakini yaonyesha wazi kwamba bega la mtu ndilo lililokuwa haba katika biashara ile yote, wala si nguo, wala si fedha.

Njiani palikuwa na mahesabu mengine. Marenga Makali, baina ya Mpwapwa na Ugogo, hapana maji; Mgunda Mkali, baina ya Ugogo na Unyamwezi, ni pori refu ambamo msafara ulikwenda mbio ukiogopa njaa. Katika mahali kama hapo mzigo uliobwagwa na mpagazi mgonjwa au aliyetoroka usiku ulipaswa kugawanywa kwa wengine, au kuachwa, na si vigumu kukisia kama kilichoachwa kilikuwa merikani au mitungi. Na katika Ugogo kila mtemi alidai hongo, akaipima kwa wingi wa mali aliyoiona. Sinia la shaba linalong'aa juu ya kichwa cha mtu lilikuwa neno la hatari. Vitu vya namna hiyo vilifichwa katikati ya nguo, na mfano wa kitu kufichwa ndani ya mtumba utakuja mbele, katika habari ya huzuni zaidi.

Punda walijaribiwa. Waarabu matajiri walipanda punda wa Maskati na Unguja, na Stanley aliondoka Bagamoyo na punda zaidi ya ishirini. Wengi walikufa njiani. Ng'ombe wa kukokota walishindwa kabisa kwa sababu ya mbung'o, kama Chama cha Misheni cha London kilivyojifunza mwaka 1877 kilipojaribu magari ya ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa. Basi hesabu ilirudi palepale: frasila mbili, mtu mmoja.

Sasa na itazamwe nyumba yenyewe, kwa kuwa nyumba ya Unyanyembe ndiyo jibu la hesabu hiyo. Burton aeleza tembe la Mwarabu wa Kaze kwa maneno mengi. Nje palikuwa na ukumbi wenye kivuli, na chini yake baraza pana la udongo, ambapo wanaume walikaa asubuhi na jioni, wakasali, wakazungumza na kufanya shughuli zao. Mlango ulikuwa wa mbao mbili nzito, wenye minyororo minene. Ndani yake palikuwa na chumba cha kupokelea wageni; na katika chumba hicho, asema, samani zilikuwa baraza mbili za udongo tu, upande wa kuume na wa kushoto, zilizofinyangwa mwishoni mfano wa mito ya kulalia. Wageni walipotazamiwa, mikeka na mazulia yalitandikwa juu yake.

Jambo hilo la mito ya udongo lastahili kufikiriwa zaidi ya alivyolifikiri Burton, aliyelihesabu kuwa ni ufukara wa samani. Aliyeijenga nyumba ile alijua kiti ni nini na kitanda ni nini. Aliigawa samani katika sehemu mbili. Umbo lake, yaani uzito wake, alilifanya kwa udongo wa Unyamwezi uliokuwa bure mlangoni pake. Sura yake, yaani zulia na mkeka na mto wa pamba, aliichukua kutoka pwani, kwa kuwa nguo hukunjika na kuwa mtumba. Kiti cha enzi, chenye mbao nene na nakshi za pembe, kilibaki Unguja. Kilichokwenda Unyanyembe ni kile kilichokifunika. Hata vitanda vilikuwa hivyo. Seremala wa papo hapo aliweza kuchonga matendegu na mifumbati ya mti wa porini na kuisuka kwa kamba za ngozi. Godoro na shuka na chandarua havikuweza kupatikana isipokuwa kwa msafara.

Msomaji akiyashika hayo, hatashangazwa na maneno ya Stanley ya mwaka 1871, ambayo kwa mara ya kwanza yaonekana kupingana na ya Burton. Stanley aliwakuta Waarabu wa Tabora wana mazulia ya Kiajemi na matandiko ya anasa, vyombo vya fedha vya chai na kahawa, sahani za shaba zilizotiwa bati na kuchongwa nakshi, mabirika na mabeseni ya shaba, na saa za mfukoni. Wengine husema kwamba utajiri ulizidi katika miaka kumi na minne iliyopita baina ya wageni hao wawili, na yamkini ulizidi. Lakini orodha ya Stanley haina kitu hata kimoja kisichoingia katika mzigo wa frasila mbili. Hakutaja kabati, wala meza, wala kasha kubwa. Birika hukaa ndani ya beseni, beseni ndani ya sinia, na vikombe hufungwa katika shuka. Saa huenda katika mfuko wa mwenyewe bila kumlipa mpagazi yeyote. Orodha ya watu wa anasa na orodha ya watu wa hesabu zilikuwa moja.

Tena vitu hivyo si anasa tupu. Vyote, au karibu vyote, ni vya barza: vya kumtandikia mgeni, kumnawisha mikono, kumpa kahawa. Katika Unyanyembe hapakuwa na kadhi wa Sultani wala benki wala ofisi ya forodha kwa miaka mingi. Neno la mtu barazani ndilo lililokuwa hati yake. Aliyetaka wenziwe wamwachie pembe zao azipeleke pwani, au wamkopeshe nguo mpaka msafara wake ufike, alipaswa kuonekana ni mtu aliyekaa, wala si mtu wa kuondoka usiku. Dele la kahawa lilimsemea. Mtu angeweza kula ugali jikoni katika chungu cha Kinyamwezi mwaka mzima bila hasara. Angeweza kupoteza heshima kwa siku moja kwa kumnywesha mgeni kahawa katika kibuyu.

Mfano mzuri wa mtu wa barza ni Snay bin Amir, Mharithi, aliyewapokea Burton na Speke. Burton asimulia kwamba Snay alianza maisha Maskati kama mtengenezaji wa tamutamu, na katika miaka kumi na sita akawa mmoja wa matajiri wa pembe na watumwa wa Unyanyembe. Alisifiwa kwa kusoma sana na kwa kumbukumbu yake, naye ndiye aliyemsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za bara. Mali ya namna hii, yaani elimu iliyomo kichwani, haikuwa na mzigo. Na huenda ndiyo sababu iliyowafanya wahamiaji wa zama zile kuiheshimu kwa kiasi ambacho watu wa miji ya pwani, wenye makabati ya vitabu, hawakukihitaji. Msahafu ulichukuliwa bila shaka, na msala, na tasbihi. Vitabu vingine vilikuwa vichache.

Jikoni mambo yalikuwa kinyume cha barzani, na hapa wageni wa Ulaya hawasaidii sana. Waarabu wengi hawakufuatana na wake zao wa pwani. Walioa bara, au waliweka masuria. Muhammed bin Juma, babaye Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ilimpa nguvu kubwa katika nchi. Jiko la mke wa namna hiyo halikutoka Bagamoyo. Vyungu vilifinyangwa na Wanyamwezi. Vinu na michi vilichongwa kwa miti ya miombo. Nyungo na vikapu vilisukwa. Nafaka iliwekwa katika vihenge na katika malindo, yaani mapipa ya magome ya miti, ambayo katika Kiswahili huitwa vilindo yakiwa madogo. Kilindo ndicho kilichochukua nafasi ya kasha lililoachwa pwani: chepesi, chenye kifuniko, kinafaa nguo na unga vilevile. Mbuzi ya kukunia nazi haikuwa na kazi nyingi mahali ambapo nazi zilikuwa adimu, na samli ya ng'ombe wa Unyamwezi ikakaa mahali pa tui. Asali ya porini, ambayo nchi hiyo yajulikana kwayo hata leo, ilipunguza haja ya sukari, iliyokuwa ghali mno baada ya safari yote hiyo.

Lakini vyombo vya jikoni viwili au vitatu vilikwenda: masufuria ya shaba, kwa kuwa hayavunjiki na hukaa moja ndani ya lingine, na vyombo vya kahawa vilivyokwisha tajwa. Viungo navyo vilikwenda. Karafuu, iliki na bizari ni vyepesi, na ladha ya pwani haikupatikana kwa njia nyingine. Kati ya mizigo yote, mwepesi kabisa ulikuwa wa mbegu. Waarabu wa Unyanyembe walilima ngano, mpunga na vitunguu, wakapanda miembe na milimau. Na safu za miembe mikuukuu zilizoandamana na njia hiyo hata Ujiji ni alama inayotajwa na kila aipitaye. Mtu mmoja angeweza kuchukua bustani nzima katika pindo la nguo yake. Ajabu ni kwamba katika vyote walivyochukua wahamiaji, mazulia na fedha na shaba, kokwa za maembe ndizo zilizodumu.

Yako pia mali ambayo makala haya hayawezi kuyapita kwa sababu ya uchungu wake. Burton aeleza kwamba Waarabu wa Unyanyembe waliwafundisha watumwa wao kazi mbalimbali, na kwamba walikuwako huko wahunzi, waashi, maseremala, washona nguo, wafinyanzi na wasokota kamba. Mtu aliyehama na mshona nguo hakuhitaji kuchukua nguo zilizoshonwa. Aliyehama na seremala hakuhitaji kuchukua kitanda. Kwa hesabu ya mwenye mali, fundi mtumwa alikuwa chombo kinachojichukua chenyewe kwa miguu yake, na tena hubeba mzigo wa pili kichwani. Wepesi wa mizigo ya nyumba za Tabora, na uzuri wa hesabu iliyoelezwa hapo juu, umesimama kwa sehemu kubwa juu ya watu hao. Majina yao hayakuandikwa katika orodha za vyombo wala katika vitabu vya wasafiri.

Wanyamwezi wenyewe walikuwa wahamaji wa njia hiyo hiyo, wa kwenda na wa kurudi, na mara nyingi walisafiri na wake zao na watoto. Mke alichukua chungu, kibuyu, chakula na mtoto. Nyumba yao ilitandikwa kila jioni penye kambi na kukunjwa alfajiri. Chakula chao cha safari kilifikiriwa vilevile kwa uzito. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani, ambavyo kwa Kinyamwezi huitwa matobolwa, ni vyepesi kuliko viazi vibichi na hukaa miezi. Wengine hulitoa jina la Tabora katika neno hilo. Wakirudi kwao, Wanyamwezi waliorudi kutoka pwani hawakuleta samani. Walileta nguo, ushanga na bunduki, na jembe lilikuwa lao tangu zamani, nao waliliuza Ugogo njiani. Katika ustadi wa kuchagua mizigo, Waarabu walikuwa wanafunzi wao.

Mwezi wa Agosti 1871 hesabu hizi zote zilijaribiwa kwa moto. Vita baina ya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Urambo, vilianza kwa sababu ya njia na hongo. Waarabu walishindwa, na majeshi ya Mirambo yakaingia Tabora yenyewe, yakamwua Khamis bin Abdullah, yakateka pembe na mali, na sehemu ya mji ikachomwa. Stanley alikuwa Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapo, akatoboa kuta za tembe alimokaa ili kupata matundu ya bunduki. Udongo wa kuta na baraza ulibaki baada ya moto, na ungeweza kufinyangwa tena. Mazulia na matandiko, yaliyokuwa yamekuja kwa mabega ya watu maili mia tano, yalikwisha kwa siku moja. Na njia ilipofungwa kwa vita, hayakuweza kuletwa mengine upesi. Hii ndiyo hasara ambayo samani za udongo hazikuweza kuikinga.

Wamisheni wa Kiingereza waliokuja baadaye walichagua kinyume, na gharama yao ilikuwa kubwa. Mwaka 1882 Edward Coode Hore na wenziwe walipeleka ziwa la Tanganyika mashua ya chuma, iliyogawanywa vipande na kukokotwa na watu. Mwaka 1884 mkewe, Annie Hore, alipita njia hiyo pamoja na mwanawe mdogo, yeye mwenyewe akichukuliwa katika kiti cha wagonjwa kilichotundikwa katika mti wa mzegamzega. Kitabu chake kikatolewa mwaka 1886. Mama huyo alikuwa mhamiaji hasa, aliyekwenda kuweka nyumba katika kisiwa cha Kavala. Msomaji wa kitabu hicho huona jinsi kiti kimoja kilivyodai kundi la wapagazi wa kupokezana. Hata hivyo si haki kumcheka: mke wa Mwarabu wa pwani, kama angechukuliwa, angehitaji watu kadiri hiyo, na kwa sababu hiyohiyo wengi wao walibaki Unguja.

Yabaki habari ya mtumba uliofungwa Kasekera. Mwaka 1873, baada ya David Livingstone kufa katika nchi ya Chitambo, Abdallah Susi na James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakauchukua pamoja na vitabu vyake na vyombo vyake vya kupimia mpaka Unyanyembe, ambako walikutana na Verney Lovett Cameron mwezi wa Oktoba. Cameron alitaka mwili uzikwe hapo; akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia. Wao walikataa kuuzika. Walivyokata shauri juu ya uzito, ni kana kwamba walijua hesabu zote za njia ile na kuzipindua: vitu vyenye bei viliachwa, na kitu kisichokuwa na bei wala faida kwa mfanya biashara yeyote kikaendelea. Kasekera, mashariki ya Tabora, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Hapo watu hao walifanya kana kwamba mwili umerudishwa kuzikwa Unyanyembe, wakafunga upya mzigo wao kwa ustadi walioujua tangu ujana, kwa nguo, kwa mkeka na kwa kamba, hata ukawa na sura ya mtumba wa merikani kama mitumba mingine yoyote. Ukapita. Walifika Bagamoyo Februari 1874.

Wadachi walipandisha bendera Tabora mwaka 1890, na Januari 1893 ikulu ya Mtemi Isike ikaanguka naye akafa ndani yake. Biashara ya pembe ilikuwa imekwisha kushuka, na baadhi ya Waarabu walirudi pwani. Tippu Tip alifika Unguja mwaka 1891, akakaa humo katika nyumba ya mjini mpaka alipokufa mwaka 1905. Reli ya kati iliingia Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilichukua mizigo ya mamia ya wapagazi, na mara moja vikaanza kufika vitu ambavyo njia ya miguu ilikuwa imevizuia kwa miaka sitini: mabati ya kuezekea, vitanda vya chuma, makabati, cherehani, meza za duka. Baraza za udongo hazikujengwa tena ndani ya nyumba mpya za mji. Zikabaki nje, mbele ya mlango, ambako ziko hata sasa.

Neno mtumba halikufa pamoja na wapagazi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado ililieleza kwa maana ya mzigo uliofungwa, hasa wa nguo. Na katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 lilipata maisha mapya likawa jina la nguo kuukuu zitokazo ng'ambo, zifikazo bandarini zimepigwa na kubanwa na kufungwa kamba. Robo frasila wala frasila mbili hazipimwi tena. Lakini bunda lenyewe likifunguliwa sokoni Tabora, limefungwa kwa namna ambayo mnyapara wa Bagamoyo angeitambua.